Rosina Habakuki na Bakuli Lililorudi Tupu

Mchungaji, Mzee Sadala mwenyekiti wa kitongoji chetu cha Kwedikole, ndugu mlioshuka kutoka Mpale na majirani wa Mazingara. Naitwa Gerald, mtoto wa kaka wa marehemu. Wazee wa ukoo waliniagiza ukurasa mmoja, nami niliuandika Jumanne. Jana mchana niliuchana. Ulikuwa na tarehe zote, lakini haukuwa na ukweli. Huu mlioushika umechapwa Korogwe jana jioni kwa haraka, kwa hiyo makosa ya chapa mnisamehe. Hapa kijijini marehemu alikwisha kupewa sifa ya mtu asiyeshirikiana na watu, na mpaka jana saa nne asubuhi hakuna jembe lililogusa kaburi lake. Nasoma maisha yake ili asiingie ardhini na sifa hiyo.

Marehemu Rosina Habakuki alizaliwa Mpale, wilaya ya Korogwe, tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Habakuki na Mama Bernadina. Kule kwetu mlimani moshi wa jirani unauona kila siku, lakini kumfikia ni kushuka bonde na kupanda tena. Labda ndiyo maana babu alikuwa mtu wa utaratibu mno. Nyumbani kwake kutembeleana kulikwenda kwa zamu: ukienda kwa mwenzio, unarudi kwako na kumngoja aje. Ukimfuata tena kabla hajaja, babu alikuuliza kama nyumbani mmeishiwa chakula. Chombo cha watu hakikurudishwa kitupu, hata kama cha kutia ndani ni chumvi ya kidole. Na mtu akifa, babu alimtuma mmoja wa watoto wake kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mtoto alisimama mlangoni, hakukaa, akataja jina la marehemu lote, siku aliyokufa na siku ya kumzika. Babu alisema habari ya msiba haiendi yenyewe. Shangazi alilelewa hivyo, na hayo hayakumtoka mpaka anakufa.

Aliandikishwa shule ya misheni ya Mpale mwaka 1961 na kumaliza mwaka 1968. Hakuwa msemaji. Mwalimu wake alipochoka na ukimya huo akampa kazi ya kusoma somo kanisani kila Jumapili, na hapo watu wakagundua kwamba yule mtoto ana sauti. Si ya kupaza, ila kila neno lilifika. Bibi alikuwa akisema, "Rosina hana maneno mengi, ila aliyonayo hayapotei njiani." Mwaka 1972 alikwenda Tanga kujifunza kupiga chapa, na mwaka uliofuata sauti ile ikampatia kazi.

Tarehe 2 Julai 1973 aliajiriwa ofisi ya posta na simu ya Korogwe, kitengo cha kuunganisha simu. Vijana mliozaliwa na simu mkononi, nawaeleza: zamani ulikuwa huwezi kumpigia mtu mwenyewe. Ulimpigia Rosina, yeye akachomeka waya kwenye mtambo, akamwita unayemtaka, kisha akakwambia, "Haya, ongea." Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Korogwe nzima walimwita Mama Simu, naye hajawa mama wa mtu.

Kisa kimoja cha kazini ndicho kilichomletea mume. Mwezi wa Novemba 1979 mtu alipiga simu kutoka mbali, akaomba mama mmoja wa Mashewa aambiwe kwamba mwanawe amefariki. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuandika ujumbe na kuuacha kaunta mpaka atokee mtu wa Mashewa. Aliandika, akautazama, akaomba ruhusa, akatoka barabarani kutafuta lori. Dereva aliyesimama aliitwa Adamu Muhidini, Mzigua wa Mazingara.

"Unakwenda kwa nani Mashewa?" Adamu akamuuliza.

"Simjui."

"Humjui, na unakwenda?"

"Mwanawe amekufa. Nani atamwambia?"

Adamu alimfikisha mpaka mlangoni, akamngoja wakati anasema yale maneno akiwa amesimama, akamrudisha Korogwe. Alikuwa akitusimulia kwamba njia nzima ya kurudi hakuthubutu kuwasha redio. Walifunga ndoa bomani Korogwe tarehe 12 Septemba 1981, kwa sababu yeye alikuwa na kanisa lake na mumewe alikuwa na msikiti wake, na hakuna aliyemvuta mwenzake. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi Korogwe hadi mwaka 1995, mitambo ya kuchomeka waya ilipoondolewa na waunganishaji wakaondoka nayo. Ndipo Adamu akamleta hapa Kwedikole, kwenye shamba hili la mahindi na mihogo.

Sasa naomba tusikilizane vizuri. Shangazi alikaa ndani ya nyumba ile pale mwezi mzima na nusu bila kwenda kwa mtu, akingoja majirani waje wamkaribishe. Majirani nao walikaa mwezi na nusu wakingoja mgeni aje ajitambulishe. Kila upande ukauona mwenzake una majivuno. Mpaka siku moja mama mmoja akaingia uani na boga kichwani, akalitua bila kuulizwa. Alikuwa Hafsa, mama yake Tatu.

"Wewe Mshambaa, mwezi wa pili huu uko hapa, hujaja kutusalimu."

"Nilikuwa nangoja mnikaribishe."

Hafsa alicheka akashika nguzo ya mlango. "Hapa ukingoja karibu utaota mizizi. Njoo tu."

Halafu akamuuliza aitweje. Shangazi akasema Rosina. Hafsa akasema hilo ni jina la shuleni, watu wazima hawaitani hivyo hapa, mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Shangazi akaliangalia boga. Hapo Hafsa akaelewa kwamba mgeni hana mtoto. Alimwita binti yake, wakati huo ana miaka tisa, akamwambia mbele ya mgeni, "Tatu, huyu ni mama yako mkubwa. Kuanzia leo umwite hivyo, na wenzako waambie." Ndivyo Shangazi alivyopata jina katika kijiji hiki, na wengi mliopo hapa hamjui lingine.

Urafiki wao ulidumu miaka ishirini na tisa. Hafsa hakuwa mtu wa zamu, alikuwa anaingia nyumba ya mtu kama upepo, lakini kwa Shangazi alijifunza. Alipofika tu alitania, "Leo zamu yangu, usije ukanishtaki kwa baba yako kaburini." Lilikuwepo bakuli moja la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, la Shangazi. Bakuli hilo lilikwenda na kurudi baina ya nyumba hizi mbili. Likienda na maharage ya Mpale, linarudi na mihogo. Likienda na pilau ya Krismasi, linarudi na futari mfungo ukifika. Halikurudi tupu hata siku moja.

Mume wake alifariki tarehe 3 Agosti 2009 na kuzikwa hapa hapa shambani. Baba yangu alikuja na gari kumchukua dada yake arudi Mpale. Shangazi alimpikia, akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Kaka, nikirudi Mpale nitaitwa nani?" Gari likarudi bila yeye.

Mwaka 2021 kitongoji kilifungua grupu la WhatsApp. Kabla ya hapo mjumbe alipita nyumba kwa nyumba akitangaza misiba. Baada ya hapo tangazo likawa linakwenda kwenye grupu. Mimi ni fundi simu Korogwe, nina duka, simu janja zimejaa kabatini. Shangazi nilimpa simu ya vitufe yenye tochi. Nilisema kubwa itamsumbua. Hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa ameongoza mtambo wenye waya mia, na mimi nikaona hataweza kutelezesha kidole kwenye kioo.

Hafsa naye hakuwa na simu, lakini Tatu alikuwa anamsomea. Akisomewa kuna msiba, Hafsa alichukua fimbo yake, akavuka kijito, akaja mpaka mlango ule, akasimama, akasema. Alikwisha kujua Shangazi anataka aambiweje. Kisha wakaenda msibani pamoja, wanakaa mkeka mmoja, wanachambua mchele. Kwa miaka ile mitatu hakuna msiba uliompita. Ninyi wenyewe mlimwona.

Kuanzia mwaka 2022 marehemu alisumbuliwa na moyo, na miguu ikawa inavimba. Kila mwezi alikuja Korogwe kliniki, akalala kwangu siku tatu, kisha akarudi. Tarehe 21 Mei mwaka huu alikuja kama kawaida. Tarehe 22, siku ya Jumatano, Hafsa alianguka uani kwake asubuhi, na alasiri akazikwa. Tangazo lilikwenda kwenye grupu. Shangazi alikuwa jikoni kwangu anamenya ndizi, akinieleza kwamba bakuli lake liko kwa Hafsa na zamu hii lazima lirudi na njugu.

Alirudi Kwedikole Ijumaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia. Siwalaumu. Kila mtu alijua kwamba kila mtu anajua. Na aliyekuwa na kazi ya kuchukua fimbo na kuvuka kijito ndiye aliyekuwa amezikwa.

Basi Shangazi akangoja. Zamu ilikuwa ya Hafsa. Juni ikapita. Miguu ilikuwa imevimba, kijito akawa hawezi kukivuka, lakini nasema kweli, hata angekuwa na miguu ya msichana asingekwenda. Mwezi wa Julai alimwona Yasinta, muuza dagaa wa Mkata anayepita siku za mnada, mtu asiyejua ya hapa. Akamtuma utani. Akamwambia apite kwa kina Hafsa aseme, "Bakuli langu lirudishwe, nisije nikafa na njaa."

Yasinta alifikisha maneno yale kwa Tatu kama alivyopewa.

Haya ninayosoma sasa Tatu mwenyewe ameniruhusu. Alisikia kwamba rafiki wa mama yake, aliyemwita mama mkubwa tangu utoto, hakuja kuzika, hakuja kutoa pole, hakuja arobaini, na sasa anadai chombo. Aliingia ndani, akalitoa bakuli, akamwaga mihogo iliyokuwemo, akamkabidhi Yasinta. Akafunga mlango kabla Yasinta hajauliza kitu. Yasinta akalileta hivyo hivyo.

Shangazi alinipigia jioni ile, yeye ambaye hakuwahi kunipigia kwa sababu alisema mimi nina kazi. "Gerald, Hafsa amenirudishia bakuli tupu."

Nilicheka. Nilimwambia, "Shangazi, bakuli tu hilo. Amesahau."

"Hafsa hasahau."

"Basi nenda ukamuulize."

"Mtu amekwisha kusema, unamuuliza nini tena?"

Nilikuwa na kioo cha mteja mkononi. Nikamwambia wazee wa mlimani wana mambo, tukaachana. Tangu hapo hakuuliza tena habari za Hafsa, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Kati ya Juni na Oktoba walifariki watu wengine watatu hapa kitongojini, hakuonekana kwenye msiba wowote, na jina la Mama Mkubwa likaacha kutajwa. Kila asubuhi nilipompigia nilimuuliza, "Umeamkaje huko?" Alijibu kwamba yupo. Zamani alikuwa na habari za kila nyumba. Siku hizi alikuwa ananisimulia kuku.

Mara ya mwisho tuliongea Jumapili, tarehe 17 Novemba. Aliniuliza, "Gerald, mtu akiacha kukupenda, kosa unalijua au unaambiwa?" Dukani kulikuwa na watu. Nilimwambia nitampigia baadaye, na sikumpigia. Asubuhi ya Jumatatu simu iliita bila kupokelewa. Nikajaribu kutafuta namba ya jirani yake yeyote, nikakuta mimi fundi simu sina hata moja. Nilipanda basi mpaka Mkata, nikachukua bodaboda. Nilimkuta kwenye kiti chake, ameelekea mlango. Hospitalini wakasema ni moyo. Kwenye ratiba tumeandika amefariki tarehe 18 kwa sababu ndiyo siku tuliyomkuta. Ukweli hatujui kama alifika tarehe 18.

Jana asubuhi nilikuja kuuliza habari za kaburi. Mzee Sadala alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanieleza bila kunificha.

"Mwanangu, tutazika, hatutamwacha mtu. Ila usitegemee watu wengi. Marehemu alijitenga. Misiba minne hakuja. Anayezika ndiye anayezikwa, unajua."

Nikasema shangazi yangu hakuwa hivyo.

"Hata wa rafiki yake wa damu hakuja," akasema.

"Rafiki yake yupi?"

"Hafsa. Ana rafiki mwingine?"

Nilimwambia asirudie hilo jina vibaya, kwa sababu Hafsa yupo hai na shangazi yangu alikuwa anamngoja mpaka Jumapili. Mzee Sadala alinitazama kama mtu anayepima kama nimelewa. Akasema, "Hafsa tumemzika mwezi wa tano. Tulitangaza kwenye grupu."

Nilifungua mfuko wa nguo za marehemu, nikatoa ile simu ya vitufe, nikamwekea mkononi. Aliigeuza. Akabonyeza, tochi ikawaka, akaizima. Watu kama sita walikuwa wanaitazama. Kisha Mzee Sadala alinirudishia simu, akaingia ndani, akatoka na jembe begani. Hakumwita mtu. Alitembea peke yake mpaka hapa shambani akaanza kuchimba, na ana miaka sabini na nne. Wengine walimfuata mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2021 watu walitumwa kwa miguu nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana leo mmejaa namna hii. Nashukuru. Lakini sitasema uongo mbele ya jeneza: mmejaa uani kwa mtu aliyekaa miezi sita bila kusikia hodi, na mimi mwenye simu mia ni wa kwanza katika kosa hilo.

Tatu alikuja saa sita. Aliingia ndani, akakuta bakuli mezani, limefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, tupu. Alikaa nalo mapajani, akasema, "Nilidhani anatudhihaki." Alisema hivyo mara tatu au nne. Amelichukua nyumbani. Sikumuuliza atalifanya nini.

Marehemu ameacha kaka mmoja na dada mmoja huko Mpale, watoto wa ndugu tisa, na wajukuu ishirini na wawili wanaomwita bibi. Kwenye ratiba iliyochapwa, mahali pa watoto, mtaona jina moja. Jana, karatasi ikiwa tayari inakwenda kwa mpiga chapa, Tatu alinipigia simu akaomba aandikwe. Niliandika: Ameacha mtoto mmoja, Tatu.

Limebaki jambo moja, nalo si la kwenu, ni lake. Naomba mniwie radhi nigeukie huku. Sitakaa, nitasimama kama babu alivyofundisha.

Shangazi, nimekuja mlangoni kwako na habari za msiba. Muhidini wa mashine ya kusaga alifariki tarehe 30 Juni, akazikwa siku iliyofuata. Mama Shadya alifariki tarehe 14 Agosti, akazikwa siku hiyo hiyo. Mzee Abdi alifariki tarehe 6 Oktoba, akazikwa tarehe 7. Na ya kwanza nimeiweka mwisho kwa sababu ni nzito. Hafsa, mama yake Tatu, alifariki siku ya Jumatano tarehe 22 Mei, akazikwa alasiri yake. Ulikuwa kwangu unamenya ndizi. Bakuli hakulirudisha yeye, na hakukukasirikia hata siku moja.

Habari imekufikia. Imechelewa, na aliyeichelewesha ni mimi. Lala kwa amani, Mama Mkubwa.